Sumu hii ni kali kwa nani? Jinsi ya kusoma ukali wa kemikali kabla hujafungua chupa

Wadau wa Tanga, huu mwongozo ni wa yeyote anayeshika dawa ya wadudu, dawa ya kupe, dawa ya mchwa, vidonge vya kuhifadhia mahindi, au yule anayeingia zamu kwenye ghala lenye madumu ya kemikali na hajui hata moja limeandikwaje. Ukisimama nusu saa tu kwenye duka la pembejeo pale karibu na soko la Mgandini utasikia mazungumzo ya aina hii:

"Shikamoo mzee. Nataka dawa ya mchicha, ile kali."

"Marahaba. Kali kwa nani, mwanangu?"

"Kwa wadudu mzee, ile inayoua hapo hapo."

Yule mzee kauliza swali la maana kuliko yote na kijana kalipita kama hakulisikia. Dawa inaweza kuwa kali kwa mdudu na ikawa nafuu kwako, au ikawa nafuu kwako na ikamaliza samaki wa bwawa zima. Kwa hiyo kila ukishika chupa jiulize: kali kwa nani, kwa njia gani, kwa kiasi gani, na ndani ya muda gani. Hatua zote hapa chini ni kutafuta majibu ya hayo maswali manne kwenye lebo.

Hatua ya 1: Jua kwanza kinachopimwa ni nini

Watu wa usalama wa kemikali wakisema usumu wa papo hapo wanamaanisha madhara yanayotokana na kukutana na sumu mara moja, au mara kadhaa ndani ya saa 24, kwa kumeza au kupitia ngozi. Kwa hewa unayovuta kipimo cha kawaida ni saa 4. Basi. Sio sumu uliyoivuta kidogo kidogo miaka kumi kiwandani, hiyo ina jina lake na vipimo vyake.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea. Papo hapo ni ule mkutano wako na sumu, sio dalili. Kwenye maabara wanyama wakishapewa dozi moja wanaangaliwa kwa siku 14, kwa sababu zipo sumu unakunywa leo, kesho unatembea vizuri tu unapiga stori barazani, halafu baada ya siku kadhaa mapafu au figo zinaanza kugoma. Parakwati, ile dawa ya magugu, inajulikana sana kwa tabia hiyo na haina dawa ya kuiondoa makali mwilini. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona nimemeza bahati mbaya jana na niko poa", usimwambie hongera, mpeleke hospitali.

Mifano miwili mikubwa ya dunia inaonyesha tofauti vizuri. Bhopal kule India, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, gesi ya methili aisosayaneti ilivuja kiwandani na maelfu ya watu wakafa, wengi ndani ya saa na siku chache. Hiyo ni papo hapo. Minamata kule Japani ugonjwa ulitambuliwa rasmi 1956, watu walikuwa wanakula samaki wenye zebaki kwa miaka, wala hakuna mlo mmoja unaoweza kuunyooshea kidole ukasema ndio huu. Hiyo ni ya muda mrefu.

Hatua ya 2: Soma namba, ila kumbuka imegeuka

Namba yenyewe inaitwa LD50. Ni kiasi cha sumu, kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kinachoua nusu ya wanyama waliojaribiwa, mara nyingi panya. Wazo hili alilileta mwanasayansi wa Uingereza J. W. Trevan mwaka 1927, maana kabla ya hapo kila mtu alikuwa anapima ukali wa dawa kwa njia yake. Kwa sumu ya hewani au ya majini wanatumia LC50, hapo wanapima ni kiasi gani kimo ndani ya hewa au maji.

Namba NDOGO ndio sumu KALI. Andika ukutani kama unasahau. LD50 ya 5 inatisha kuliko ya 2000, kwa sababu ya 5 inahitaji kidogo sana kufanya kazi ile ile.

Mfumo wa kimataifa wa kuweka alama kwenye kemikali, ule wa GHS, unapanga hivi kwa kumeza: hadi 5 ni kategoria ya 1, juu ya 5 hadi 50 ni ya 2, hadi 300 ni ya 3, hadi 2000 ni ya 4, halafu kuna nchi zinazotumia na ya 5 inayofika 5000. Kwa ngozi mipaka ni 50, 200, 1000 na 2000.

Ili namba zikukae kichwani: chumvi ya mezani ni kama 3000 kwa panya, kafeini ni kama 200. Ndio, kafeini, hii hii ya kahawa chungu ya jioni. Kwa kumeza inaangukia kundi kali kuliko dawa nyingi za magugu, na bado wazee wanapiga vikombe vitatu na kashata wanaondoka salama, kwa sababu kikombe kimoja kina kafeini kidogo mno ukilinganisha na uzito wa mtu. Dozi ndio kila kitu, Paracelsus, tabibu wa Ulaya, alishalisema hilo karne ya 16.

Na hapo kwenye "kwa kila kilo" pana jambo la wazazi. Mtu mzima wa kilo 60 na mtoto wa kilo 12, dozi ile ile inampiga mtoto mara tano zaidi. Tone lililokuumiza kichwa wewe linaweza kumlaza yeye. Halafu LD50 sio mstari kwamba chini yake uko salama, ni pale nusu walipokufa, kuumwa kunaanza mapema zaidi, na mwanadamu sio panya. Itumie kulinganisha dawa na dawa, usiitumie kujipimia ujasiri.

Hatua ya 3: Angalia rangi na picha

Hii ndio sehemu rahisi hata kwa asiyejua kusoma. Chini ya lebo ya kiuatilifu kuna mkanda wa rangi unaofuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani. Mwekundu ni daraja Ia na Ib, hizo ndio kali kabisa (LD50 ya kumeza hadi 50). Njano ni daraja II, kutoka 50 hadi 2000. Bluu ni III, zaidi ya 2000. Kijani ni zile zisizotarajiwa kuleta madhara ya papo hapo zikitumika kawaida, 5000 na kwenda juu.

Ukiangalia hapo utaona njano ni pana mno, dawa ya 60 na dawa ya 1900 zote zimevaa njano, kwa hiyo usiseme "si ni njano tu".

Picha: fuvu na mifupa ni kategoria 1 mpaka 3. Alama ya mshangao ni ya 4 (ingawa alama hiyo hutumika pia kwa mambo mengine kama kuwasha ngozi). Samaki aliyekufa na mti mkavu ni mazingira, tutafika huko.

Kama chupa haina lebo, au lebo imechanika pale pale penye rangi, au dawa umepimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, hatua zote za mwongozo huu zinakufa hapo. Hii tabia ya "nipimie ya elfu moja" ndio naichukia kuliko zote. Kimiminika cheupe kama maziwa kwenye chupa ya soda, kimewekwa juu ya kabati karibu na sukari, mtoto katoka madrasa na kiu. Nunua chupa ndogo iliyofungwa yenye namba ya usajili wa TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, hata ikizidi bei.

Hatua ya 4: Tofautisha kiambato na chupa

Huu ndio ujuzi ambao wauza duka wengi nao hawana, na ni hesabu ya darasa la sita tu. Namba unazokuta kwenye vitabu na simu mara nyingi ni za kiambato amilifu (ile sumu yenyewe) kikiwa kitupu, wakati kwenye chupa yako kimechanganywa na viyeyusho na vitu vingine. Kupata makisio ya chupa: chukua LD50 ya kiambato, zidisha kwa 100, gawa kwa asilimia iliyoandikwa.

Chukua abamektini, wakulima wa nyanya kule Lushoto wanaijua sana kwa ajili ya utitiri na kantangaze. Kikiwa kitupu LD50 yake kwa panya ni 8.7, yaani mkanda mwekundu mchana kweupe. Lakini chupani ni asilimia 1.8. 8.7 mara 100 gawa kwa 1.8 unapata kama 480, daraja II. Sasa chukua lamda-sihalothrini, kiambato 56, chupa ya asilimia 5, unapata 1120, daraja II hiyo hiyo. Viambato vimepishana zaidi ya mara sita, chupa zimepishana kidogo zaidi ya mara mbili, na rangi ni moja.

Sasa kinyume chake: ukipunguza maji kwenye bomba kwa sababu "nataka iue haraka", umeirudisha dawa kuelekea ukali wake wa mwanzo, na bomba liko mgongoni kwako sio kwa mdudu. Pia ile saa ya kupima dawa kutoka chupani kwenda kwenye bomba ndio saa ya hatari kuliko kupulizia kwenyewe, maana hapo unashika dawa nzito. Glovu zivaliwe PALE, sio ukishamaliza kukoroga.

Hatua ya 5: Uliza itaingilia wapi

Sumu moja ina ukali tofauti kulingana na mlango. Mfano wa kwetu kabisa ni zebaki, wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Handeni na Kilindi wanaijua. Zebaki ile ya maji maji mtu akiimeza tumbo linapitisha chini ya asilimia moja, sehemu kubwa inatoka ilivyoingia. Ila ukichoma ule mchanganyiko wa dhahabu ukavuta mvuke wake, mapafu yanachukua karibu asilimia 80. Kitu kile kile, mtu yule yule. Halafu utakuta jamaa anaogopa kuigusa ila anachomea jikoni, mama anapika pembeni.

Mafuta ya taa nayo ni kichekesho kibaya. Kwa LD50 ya kumeza yanaonekana hayana neno, lakini mtoto akimeza na yakateleza kidogo kwenye njia ya hewa yanaharibu mapafu, na ndio maana kumtapisha ni kumuongezea balaa.

Ngozi: angalia bomba la mgongoni. Pale kifuniko kinapokaa, ule mpira wa ndani ukichakaa dawa inachuruzika taratibu, shati linalowa mgongoni, inashuka kiunoni mpaka kwenye kinena, na wewe unadhani ni jasho kwa sababu joto la Tanga unalijua. Ngozi ya kinena inapitisha dawa nyingi mara kadhaa kuliko ya mkono. Jaza bomba maji matupu kwanza, liinamishe, pitisha mkono mkavu kuzunguka kifuniko na maungio ya mpira. Likilowesha mkono halipandi mgongoni, kwisha.

Hewa: vile vidonge vya fosfidi ya aluminiamu vya kuhifadhia mahindi vikikutana na unyevu vinatoa gesi ya fosfini. Hatari yote iko kwenye gesi. Gunia lenye vidonge halilali chumba kimoja na watu, wala chumba cha pili chenye uwazi juu ya ukuta, na nyumba zetu nyingi dari hazijafika mwisho. Ukisikia harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, toka kwanza, mjadala baadaye, na usisubiri harufu ndio uamini maana gesi inaweza kuwepo bila wewe kuinusa.

Hatua ya 6: Sasa waulizie na wasiosema

Rangi ya mkanda inamzungumzia binadamu. Mkanda haumjui kamba wa majini wala nyuki.

Wazee wa kandokando ya mito wanakumbuka utupa, ule mmea unaotwangwa majani yakatiwa mtoni samaki wakaelea. Watu wanaokota, wanakula, hawafi, wanasema haina sumu. Ina sumu, inaitwa rotenoni, inazuia seli kutumia oksijeni, na samaki anaipata kwa wingi moja kwa moja kupitia matamvua wakati wewe unakula kiasi kidogo kilichopita jikoni kwanza. (Na uvuvi wa sumu ni kosa kisheria, nisije nikasingiziwa.)

Kwa majini vipimo ni vingine: samaki saa 96, viroboto maji (vijidudu vya majini) saa 48, mwani saa 72 au 96. Kikiua nusu kwa miligramu 1 kwa lita au chini ya hapo, hicho ni kategoria ya 1, ndio unaona samaki na mti kwenye lebo.

Piga hesabu na mimi. Sipamethrini, dawa ya kawaida kabisa, ina mkanda wa njano. Chupa ya asilimia 10 ina gramu 100 kwa lita, maana yake mililita 10, kifuniko cha chupa tu, zina gramu 1. Bwawa la mita 20 kwa 50 lenye kina cha mita 1 lina lita milioni moja. Mwaga kile kifuniko humo ikichanganyika vizuri unapata mikrogramu 1 kwa lita. Kuna jamii za kamba zinazokufa nusu kwa chini ya sehemu ya kumi ya hapo. Kweli dawa hii inashika kwenye tope na haielei majini siku nyingi, lakini kamba wadogo hawana siku nyingi za kusubiri. Sasa fikiria mtu anaosha bomba kwenye mkondo unaoshuka Mto Zigi, au kwenye mifereji inayoingia mikokoni huku Mwambani na Tongoni, ndiko kamba wachanga wanakokulia. Halafu tunalaumiana msimu ukiwa mbaya.

Maji ya kuoshea bomba yapulizie shambani kwenye mazao yale yale uliyotoka kupulizia. Chupa tupu isuuze mara tatu, yale maji yarudishe ndani ya bomba kabla hujapulizia, halafu itoboe isitumike tena.

Nyuki wao wanapimwa kwa mikrogramu kwa nyuki mmoja, na LD50 ikiwa chini ya 2 inahesabiwa dawa kali sana. Wenye michungwa Muheza, wakati wa maua pulizia jioni nyuki wakiwa wamerudi, au acha kabisa mpaka maua yadondoke.

Hatua ya 7: Usiipe rangi ya kijani kazi isiyo yake

Mankozebu, ile unga ya ukungu wa nyanya, kwa kumeza ni zaidi ya 5000, kijani safi. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutoiongezea kibali, na sababu zilihusu uzazi na homoni, sio kifo cha siku moja. Kwa hiyo kijani maana yake haikuui leo, yale mengine hayajaulizwa. Ovaroli na barakoa zinabaki pale pale.

Kwa walio viwandani, bandarini na maghalani, daini ile karatasi ya taarifa za usalama ya kila kemikali. Ina sehemu 16. Ya 2 ni hatari, ya 4 huduma ya kwanza, ya 11 ndio usumu kwa binadamu na utakuta LD50 zote humo, ya 12 ni mazingira. Msimamizi akisema iko ofisini imefungiwa, mwambie kwa adabu kwamba dumu halijafungiwa ofisini.

Hatua ya 8: Ikitokea

Mtoe kwenye sumu, wewe mwenyewe usiingie kwenye chumba chenye gesi ukawa mgonjwa wa pili. Vua nguo zilizolowa, osha kwa maji mengi na sabuni, na anayemuosha avae glovu. Macho, maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi. Usimtapishe. Maziwa nayo, najua kila nyumba ya pwani ina bibi anayeamini maziwa, shikamoo bibi, lakini hayaui sumu na yanaweza kumpalia mtu anayeanza kupoteza fahamu.

Dawa za jamii ya oganofosfati, kundi moja la dawa za wadudu, zina sura yake: mate yanatoka, machozi, jasho, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, kutapika, misuli inachezacheza. Hospitali wana dawa ya atropini kwa hiyo, ila lazima wajue ni dawa gani. Kwa hiyo nenda na chupa yenye lebo, au ipige picha lebo yote na simu, mbele na nyuma, ukiwa njiani kwenda hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu. Watakuuliza mambo manne: kapata nini, kiasi gani, kwa njia ipi, saa ngapi. La saa ngapi ndio watu wanasahau, liandike kwenye mkono kama huna karatasi.